Aliyesimama Badala Yangu

Jua lilikuwa limebakiza vidole viwili kugusa ardhi, na mimi nilikuwa natafuta mahali pa kusimama.

Ndiyo, kusimama. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na usicheke. Shule niliiacha mapema, yenyewe ilifurahi, mimi nilifurahi. Lakini niletee profesa yeyote unayemjua, tusimame naye dakika nne bila kutikisa hata kope, tuone nani atajikuna kwanza.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, ni mpiga picha. Kwa miaka kumi na tisa alipiga picha za pasipoti katika chumba kimoja chenye pazia la buluu na stuli yenye mguu mfupi. Kwa kuwaambia watoto wa watu "tulia, tulia" kutwa nzima, mtaa ukasahau jina lake, ukamwita Tulia. Mwaka huo ndipo alipopata kazi ya maana: kalenda. Picha kumi na mbili za nchi, kutoka mpaka wa huku hadi mpaka wa kule. Na katika kila picha, kwa mbali, awepo mtu mmoja mdogo mwenye koti la mvua la njano, ili anayetazama ajue mlima ni mkubwa kiasi gani.

Mtu huyo ni mimi. Dereva pia ni mimi. Wananiita Breki, kwa sababu siitumii.

Sasa sikiliza namna mjomba anavyofanya, maana ndipo mambo yote yalipo. Anafunga kioo cheusi mbele ya lenzi, halafu anaiacha kamera wazi dakika nne. Ndani ya dakika hizo, chochote kinachotembea kinafutika. Ng'ombe akipita, hayumo. Lori likipita, halimo. Mto unakuwa kama moshi. Kinachobaki kwenye picha ni kile kilichotulia tu.

Basi, siku ya tano, picha ya saba. Uwanda wa chumvi.

Weupe mtupu. Weupe mpaka macho yanadai likizo. Mjomba alikuwa kando ya barabara na kamera yake juu ya miguu mitatu, mimi nikatumwa mbele, kama nusu kilomita, nisimame karibu na marundo ya chumvi. Nikiwa njiani simu ikalia. Siku mbili nzima hatukuwa na mtandao, na aliyepiga alikuwa binti ambaye, nikisema ukweli, sikutaka apate muda wa kufikiria mara mbili.

Dakika nne za kusimama. Au dakika nne za binti.

Nikainua macho... na palepale nilipotakiwa kusimama palikuwa na mtu.

Mwanamume mwembamba. Kaptura ya kaki, shati limefungwa vifungo mpaka kooni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuliwa kidogo, vidole vimekunjwa, kama anashika fimbo. Hakukuwa na fimbo. Kope zake zilikuwa na chumvi.

Nilimsalimia. Hakuitika. Nikamuuliza, kwa utani tu, kama anajua kusimama.

"Najua," akanong'ona.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nipokewe."

Nikacheka. Nikaona nimepata fundi mwenzangu. Nikavua koti la njano nikamtupia mabegani, nikamgeuza upande wa kamera kama mtu anavyogeuza kabati.

"Basi simama hapo badala yangu, kaka. Nakuja kukupokea."

Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. Alinitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari aliyechelewa.

"Utakuja?"

"Mimi nikisema, nimesema."

Nikajilaza nyuma ya rundo la chumvi, nikaongea na binti wangu maneno matamu ambayo hayakuhusu. Nilipomaliza, giza lilikuwa linaingia na mjomba anapiga honi. Nikatazama nyuma. Sikuona mtu, sikuona koti. Upepo ulikuwa unavuma na ulinuka chumvi na kutu, kama mlango wa chuma uliolowa. Nikajiambia, ah, maskini wa Mungu amejipatia koti. Nikakimbia garini.

Mjomba aliniambia siku hiyo nimesimama kama msumari. Nikashukuru. Kuhusu koti, nilimwambia upepo umelichukua. Uongo mdogo. Nimewahi kusema mikubwa zaidi nikiwa nakula.

Picha ya nane tuliipiga asubuhi iliyofuata, kwenye vilima vya mawe. Nilivaa sweta la mjomba la buluu. Jioni, katika chumba cha gesti chenye kitanda kimoja na balbu moja, mjomba alifungua kompyuta yake akaanza kuikuza picha polepole. Mimi nilikuwa naosha soksi kwenye karai. Akaniita.

"Huyu nani?"

Nilikuwepo mimi na sweta langu. Na nyuma yangu, mbali, juu ya kilima cha mwisho kabisa, palikuwa na nukta ya njano.

Nikamwambia ni mpita njia. Mjomba aliikuza tena, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Wapita njia hawaingii kwenye picha zangu, Breki. Huyu amesimama."

Picha ya tisa ilikuwa daraja la reli. Kamera ilipokuwa wazi nilipepesa macho kulia, nikapepesa kushoto. Hakukuwa na kiumbe, si mbuzi, si kunguru. Jioni tukaikuza picha. Alikuwa amesimama mwanzo wa daraja. Koti la njano. Mkono umeinuliwa kidogo, vidole vimekunjwa.

Usiku huo sikulala, na mimi nikiamua kulala hata tetemeko linasubiri. Nilitoka kuosha gari. Nikasugua mazulia yote mpaka yakatoa rangi. Asubuhi, zulia la kiti cha nyuma lilikuwa na punje nyeupe. Nikalamba moja.

Chumvi.

Mjomba alidhani nimepanga mchezo na rafiki zangu, kwamba kuna kijana anatufuata kwa pikipiki. Akanionya kwamba kazi hii si ya kuchezea. Nilitamani ingekuwa kweli. Rafiki zangu wote hawana hata mafuta ya taa, pikipiki wataipata wapi?

Mchana ule tukapata pancha. Kwenye banda la pembeni mwa barabara alikuwepo mama mmoja mpana, mikono myeusi kwa gundi, wenyewe wanamwita Mama Pancha. Alilizungusha tairi letu mara moja, akakwangua ubavu wake kwa kucha, akauliza kama tumepita uwanda wa chumvi. Nikamjibu tumepita, na kwamba nimeuacha mweupe vilevile, asihofu. Hakucheka. Akauliza kama tulisimama. Mjomba alikuwa ameenda kununua maji, basi nikapata ujasiri wa kumweleza yote.

Akaendelea kukwangua mpira huku akinisimulia. Barabara ile ilipopimwa mara ya kwanza, babu yake akiwa kijana, wapimaji walikuwa na mtu wao wa kushika ufito wa kupimia, ule wenye mistari myekundu na myeupe. Kazi yake ni kusimama mbali akiwa na ufito, mkubwa wao anamtazama kwa darubini. Siku moja mkubwa alimwambia asimame, asitikisike, mtu atakuja kumpokea. Upepo wa chumvi ukavuma. Wapimaji wakapanda gari wakakimbia, kila mmoja akidhani mwenzake amemchukua. Waliporudi siku ya tatu waliukuta ufito umesimama wima. Ufito peke yake.

"Ndiyo maana sisi tukipita pale hatuahidi kitu," alisema. "Hata 'nitakupigia baadaye' hatusemi. Tunapita kimya. Wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia asimame badala yangu."

"Hilo halina neno. Ukaongeza nini?"

"Kwamba nakuja kumpokea."

Akaacha kukwangua.

"Sasa, mama, nifanye nini?"

"Mimi mwanangu naziba matairi," akasema, akachukua kiraka. "Hilo lako si tundu la gundi."

Picha ya kumi, msitu wa misonobari. Nilikataa kuupa msitu mgongo, nikasimama nikiutazama. Dakika nne nilihesabu miti, na miti ilikuwa miti. Ila harufu. Ile ya kutu. Jioni tulimkuta kwenye picha, hatua kumi kutoka nilipokuwa, katikati ya miti niliyoihesabu mwenyewe. Safari hii uso ulionekana, na macho yaliyonitazama yalikuwa yamesubiri mno.

Nilimweleza mjomba kila kitu, koti, binti, uongo, Mama Pancha. Alinisikiliza akiwa ameshika kikombe bila kunywa. Mwisho akasema picha zile ni nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na akaona aibu kwa kusema hivyo, nami nilimwona akiona aibu.

Picha ya kumi na moja, bwawani, sikushuka. Nilijifungia garini, vioo juu, redio juu. Nilimwambia apige maji matupu. Alipiga. Akarudi akitabasamu, akagonga kioo.

"Nilijua tu utabadili mawazo. Na koti umelipata, kumbe."

"Mjomba. Sijatoka garini."

"Tulia basi, picha hii hapa."

Akanionyesha kwenye kioo kidogo cha kamera. Ukingo wa bwawa, maji kama moshi, na pale pale nilipotakiwa kusimama, amesimama yeye. Hakuitazama kamera.

Alikuwa analitazama gari.

Tabasamu la mjomba liliyeyuka taratibu. Akakaa kitini, akafunga mlango, akafunga na kitasa. Tulikaa hivyo muda mrefu, wanaume wawili wazima, tunapumua kama paka waliofungiwa kabatini.

"Imebaki moja," akasema. "Miaka kumi na tisa nimepiga vichwa vya watu, mwanangu. Imebaki moja tu."

Na hiyo moja ilikuwa wapi? Kilima cha nyuma ya nyumba ya mama yangu. Mjomba alikulia pale, alitaka mwezi wa mwisho wa kalenda uwe wa kwao. Mama alikuwa amekwisha ambiwa tunakuja, na kwa jinsi ninavyomjua, alikuwa amekwisha washa jiko. Anaishi peke yake. Nikawaza kugeuza usukani. Lakini mtu yule hakuwa anafuata barabara. Alikuwa ananifuata mimi, na mama yangu ni mahali ambapo lazima nirudi, leo au mwakani.

Ndipo nikapata wazo, na nilipolipata nilipiga usukani kwa furaha. Kazi alipewa na nani? Na mimi. Basi nani wa kuimaliza? Mimi. Nimefukuzwa kazi mara tatu: kwenye gereji, kwenye duka la mbao, na kwa jirani niliyekuwa namlindia kuku. Maneno yake nayajua kwa moyo. Nitamfukuza kazi kistaarabu, achukue na koti kama kiinua mgongo.

Tulifika jua likiwa linashuka. Nilimsalimia mama kupitia dirisha la jikoni, akaniambia nisikawie, chakula kitapoa. Taa ya jikoni ilikuwa imewashwa. Nikapanda kilima. Mjomba akapanga kamera chini, kando ya ua, akapunga mkono. Dakika nne zimeanza.

Dakika ya kwanza, kimya.

Ya pili, upepo ukasimama. Nyasi zikasimama. Harufu ikaja, chumvi na kutu...

"Umekuja," mtu akanong'ona sikioni mwangu.

Mdomo wangu, unajua tena, haujawahi kuishiwa. Bila kugeuka nikasema yale niliyoambiwa gereji. Kwamba tunamshukuru kwa kazi yake. Kwamba kazi imekwisha. Kwamba hahitaji kusimama tena.

Kisha nikasikia vidole vikikunjuka. Kimoja kimoja, vikilia kama vijiti vikavu. Koti likaja mabegani mwangu. Lilikuwa zito kama mtu.

"Nimepokewa?"

"Umepokewa. Nenda nyumbani, kaka."

"Nyumbani..." Alilitamka kama anayeonja kitu alichokula utotoni. "Nyumbani ni wapi?"

Naapa sikujibu. Mdomo wangu haukusema kitu. Lakini macho ya mtu, ukimtajia nyumbani, yanakwenda yenyewe. Yangu yalikwenda chini ya kilima, yakatua kwenye dirisha la jikoni lenye taa. Palikuwa na kivuli cha mama, anakatakata kitu.

Akayafuata macho yangu.

Akapita kando yangu akaanza kushuka. Alitembea vibaya, kama mtu aliyesahau magoti yanakunjwa upande gani. Nikataka kukimbia. Nikataka kupiga kelele. Miguu yangu haikutoka. Na nitakwambia kitu ambacho sijamwambia hata mjomba: ndani ya koti lile kulikuwa na utulivu. Kusimama kulikuwa kutamu. Sehemu yangu moja ilikuwa inasema, baki hapa tu, Breki, kuna nini huko chini?

Nilimwona akipita mbele ya kamera. Mjomba hakuinua kichwa.

Nilimwona akiufungua mlango wa jikoni.

"Basi!" mjomba akaita. Dakika nne zimekwisha.

Hapo miguu ikaachia. Nilishuka kilima kile kwa makalio zaidi kuliko kwa nyayo, nikaingia jikoni kwa kishindo. Mama alikuwa peke yake. Alinitazama toka juu mpaka chini, kisu mkononi.

"Wewe mtoto umetoka tena saa ngapi? Si umepita hapa sasa hivi nikakwambia uvue viatu? Ona sakafu yangu."

Nyayo nyeupe zilivuka jikoni, zikapita ukumbini, zikaingia chumba nilicholala tangu utoto. Niliwasha taa. Hakukuwa na mtu. Nyayo ziliishia kwenye kona, kando ya kitanda. Mbili, sambamba, vidole vikielekea chumbani.

Mama aliweka sahani nne mezani. Tulikuwa watatu. Nilipomuuliza, alihesabu kwa kidole, akacheka, akasema uzee umeanza kubisha hodi.

Picha ya kumi na mbili ni mimi peke yangu, koti la njano, nimekaza kama msumari. Ndiyo bora kuliko zote. Kalenda imetoka, mjomba anapata kazi nyingine sasa, na stuli ile ya mguu mfupi ameigawa. Mtu aliyepita mbele ya lenzi yake hayumo kwenye picha. Bila shaka. Alikuwa anatembea.

Mimi siku hizi naendesha malori ya masafa. Nimechagua mwenyewe. Sikai mahali zaidi ya muda wa kunywa chai, na hata hiyo naizungukazunguka. Nikisimama tu, kwenye foleni, kwenye taa nyekundu, nasikia utulivu ule unanipanda kutoka kwenye nyayo. Basi nachezesha miguu. Watu wananicheka. Nami ningecheka.

Mara tatu nimempeleka mama kwenye chumba nilichopanga, mara tatu amerudi kwake. Sakafu anaipiga deki, zile nyayo mbili zinarudi. Anasema hazimsumbui. Nimemwambia akifunge chumba kile, akaniuliza, basi wewe ukija utalala wapi.

Jana jioni alinipigia. Nilikuwa nimeegesha lori kwenye kituo cha mafuta, safari ya siku mbili kutoka nyumbani, natembea kulizunguka. Sauti yake ilikuwa na furaha. Alisema alitaka tu kunishukuru.

"Kwa nini, mama?"

"Kwa leo, baba. Zamani ulikuwa ukiingia jikoni kwangu ni fujo tupu, vifuniko chini, maneno mengi. Leo umesimama tu hapo mlangoni, kimya, mpaka nimemaliza kupika. Umetulia siku hizi, mwanangu."

Nikaongeza mwendo kulizunguka lori.

"Haya, mimi nalala," akasema. Halafu nikasikia ameuweka mbali mdomo wake na simu, anaongea na mtu. "Na wewe kakae sasa. Utachoka."